Daftari lililonuka dagaa

Mhariri, swali lenu la wiki hii, "Je, vyuo vikuu viruhusu wanafunzi kutumia akili mnemba?", limenigusa penye kidonda. Nina steshenari hapa Buzuruga, Mwanza, huu mwaka wa 11, na kazi yangu kubwa ni kuchapa, kuprinti na kubaindi tafiti za wanafunzi. Jibu langu ni hapana. Tangu ChatGPT, programu ya akili mnemba inayokuandikia chochote ukiiagiza, itoke mwishoni mwa 2022, vijana wananiletea flashi yenye kurasa 60 ambazo wenyewe hawajazisoma. Ukimwuliza mtu jedwali hili likae wapi, anakujibu, "Mama, weka popote."

Lakini anayeniuma si huyo. Ni binti mmoja wa Ukerewe, mwaka wa tatu, chuo sikitaji. Utafiti wake ulihusu dagaa wanaoharibiwa na mvua: kati ya wanawake wanaoanika mchangani na wanaoanika kwenye vichanja, nani anapoteza zaidi. Kompyuta hakuwa nayo. Aliniletea kaunta buku lililojaa mwandiko wa peni ya bluu, Kiingereza chake mwenyewe, sentensi fupi zilizonyooka. Daftari lilinuka dagaa. Ukurasa mmoja ulikuwa na gamba limekaukia juu ya hesabu: ndoo 40 zimeanikwa asubuhi, mvua imepiga saa nane, ndoo 26 zimeuzwa kwa bei ya chakula cha kuku. Nilichapa siku nne, na kila nikifika kwenye hesabu za ndoo nilijikuta nasoma badala ya kuchapa.

Wiki mbili baadaye akarudi na karatasi yenye rangi rangi. Msimamizi ameipitisha kazi kwenye programu ya kugundua maandishi ya mashine, nayo imesema asilimia 71 si yake. Nilifunga duka. Tukaongozana hadi ofisini, daftari likiwa kwenye mfuko. "Shikamoo, mwalimu," nikaanza, nikamweleza kwamba niliyechapa ni mimi, neno kwa neno, kutoka kwenye daftari hili. Alinisikiliza vizuri, kwa heshima. Daftari hakulifungua. "Mama, mfumo umeshasema. Mimi nifanyeje?"

Muhula ulikuwa unaisha, na bila utafiti hahitimu. Basi tukafanya jambo ninaloona aibu nalo hadi leo. Jioni mbili mfululizo, baada ya kufunga, tulikaa tukiharibu Kiingereza chake. Yeye anasoma sentensi, mimi navuruga: hapa kosea wakati, pale ongeza neno lisilo na kazi. Mara ya pili alinyamaza katikati ya sentensi, akaniambia, "Mama, hii niliipenda." Tukaiharibu hiyo nayo. Kazi ikapita.

Baadaye nilisoma kwamba mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walijaribu programu saba za aina hiyo kwa insha 91 za TOEFL, ule mtihani wa Kiingereza kwa watu ambao si lugha yao ya kwanza. Kwa wastani, zaidi ya nusu ya insha hizo za binadamu zilisingiziwa mashine. Programu hizo hushuku maneno ya kawaida na sentensi zisizo na mizunguko, na sisi tuliosoma kwa Kiswahili hadi darasa la saba ndivyo tunavyoandika Kiingereza. Mwaka huohuo OpenAI, wenye ChatGPT yao, waliiondoa programu yao ya kugundua kwa kuwa haikuwa sahihi vya kutosha.

Hapa ndipo hapana yangu inapolegea. Ukipiga marufuku lazima uwe na askari, na askari aliyepo ndiye huyu. Afadhali waruhusu akili mnemba, mwanafunzi aandike wazi alipoitumia, kisha aitwe aeleze kazi yake kwa mdomo. Yule binti angeulizwa habari ya zile ndoo 26 tu, angeeleza hadi jua lizame. Sisemi iwe kwa wote. Anayesomea udaktari pale Bugando nataka dozi aijue kichwani, na mwaka wa kwanza waandike darasani kwa peni, maana darasa la watu 300 huwezi kumhoji mmoja mmoja. Ila msimamizi mwenye wanafunzi 20 wa utafiti, akimpa kila mmoja dakika 15, ni saa 5 kwa muhula mzima. Saa 5 anazo.