Kuandika ukiwa Tukuyu bila kusafiri

Kaka, umeuliza kama mdogo wako asiyeona, anayeandika hadithi huko Tukuyu, anaweza kuwa na kikundi cha waandishi wenye ulemavu bila kupanda basi hadi Mbeya mjini. Anaweza, WhatsApp inatosha. Simu nyingi za Android zina TalkBack inayomsomea maandishi. Kwenye kompyuta ya Windows aweke NVDA, programu ya kisoma skrini inayosoma kwa sauti yaliyo kwenye skrini, ni ya bure, aliianzisha Michael Curran wa Australia mwaka 2006, naye haoni. Kiswahili cha NVDA kina lafudhi ya ajabu kidogo, atazoea.

Taabu iko kwa wanakikundi. Kuna wanaopiga picha ukurasa wa daftari na kuutuma hivyohivyo, kisoma skrini kinapita kapa. Wengine hutuma sauti ndefu na kiziwi anabaki nje. Kwa hiyo aulize kwanza: maoni yanatolewa kwa maandishi? Mwenye usonji au disleksia (ugumu wa kusoma na kuandika) anapewa muda wa kujibu, au akichelewa anaitwa mvivu? Wakimjibu kwa ukali, ahame. Vikao vya video mimi sivipendi: mvua za Rungwe unazijua, umeme ukikatika kikao kimekwisha, ila ujumbe ataukuta.