Maswali ya Mafundi: Mshono safi, kesho yake una ufa

SWALI: Karakana yetu iko Unga Limited, Arusha. Tulichomelea shafti ya trekta kwa rodi za kuchomelea aina ya 7018, mshono ukatoka safi. Kesho yake tukakuta ufa mwembamba kama unywele pembeni mwake. Pakiti ya rodi ilikuwa wazi tangu masika yaanze. Je, rodi ni feki?

JIBU: Si lazima ziwe feki, zimenyonya unyevu. Kwenye moto wa kuchomelea, maji hayo huvunjika na haidrojeni huingia kwenye chuma kilichoyeyuka. Atomu zake ni ndogo sana, hivyo huendelea kutembea hata chuma kikishapoa, zikikusanyika palipo pagumu na panapovutwa, yaani pembeni mwa mshono. Hapo chuma hupoteza mshikamano na kupasuka bila kupinda kwanza. Huchukua saa kadhaa hadi siku mbili, ndiyo maana jioni hamkuona kitu. Shafti ikaguliwe tena baada ya saa 48, kwa rangi ya kupimia nyufa, kabla mteja hajaichukua.

Okeni 7018 kwa nyuzi 300 hadi 350 za Selsiasi, saa moja hadi mbili, zikiwa zimetandazwa. Zinazosubiri zikae kwenye nyuzi 120 hivi. Kuzianika juani hakutoshi kabisa. Rodi za aina ya 6013 msizioke hivyo, ganda linalofunika waya wake huharibika. Na kwa shafti msizitumie, zinaingiza haidrojeni nyingi.

Shafti nayo ipashwe joto kwanza, nyuzi 200 hadi 250, ikiwa imefutwa grisi, rangi na kutu. Pimeni kwa chaki ya joto, ile inayoyeyuka ikifikia nyuzi zake, kama milimita 75 kutoka kwenye mshono. Mkimaliza, ifukieni kwenye majivu makavu ipoe polepole, haidrojeni ipate muda wa kutoka. Msiimwagie maji hata kama mteja ana haraka.

Ufa uliopo msiuzibe kwa juu. Usageni mpaka uishe wote, ndipo mchomelee upya.

SWALI: Nililoweka springi kwenye tindikali kutoa kutu. Moja imekatika wakati wa kuifunga. (Msomaji, Majengo, Moshi)

JIBU: Tindikali ikila chuma hutoa haidrojeni, na chuma kigumu cha springi huathirika upesi. Kutu ya springi iondolewe kwa brashi ya waya au kwa kupigwa mchanga. Zilizobaki zioke leo leo kwa nyuzi 190 hadi 220, saa nne au zaidi. Joto hilo haliondoi ugumu wake. Yenye ufa tayari itupe, kuoka hakuuzibi.