Vokali ni tano ama ishirini?

SWALI: Mwalimu habari yako, niko mwaka wa kwanza chuo hapa Nairobi nasoma Kiingereza na isimu (elimu ya lugha), nilidhani tutaanza na mashairi kumbe wiki ya pili tunachorewa ulimi na meno ubaoni, tunaambiwa Kiingereza kina vokali kama 20 na mimi tangu praimari najua ni tano. Nibadilishe kozi? – Msomaji, Kayole

JIBU: Usibadilishe mdogo wangu, tafadhali. Hakuna aliyekudanganya, tano ni herufi, hizo 20 ni sauti, za matamshi sanifu ya Uingereza. Sisi Kiswahili kimetuzoesha vizuri, vokali tano herufi tano, ndio maana "ship" na "sheep" wengi wetu tunazitamka sawa.

Jaribu hivi, weka kidole kooni useme sss halafu zzz. Ulimi haujahama lakini ya pili inatetemesha koo. Hiyo ndio fonetiki, elimu ya sauti za lugha, na mimi naipenda sana.

Na tahajia ya Kiingereza pia ina historia yake, William Caxton alianzisha uchapaji Uingereza mwaka 1476 na maandishi yakaanza kuganda wakati matamshi ya vokali ndefu bado yanabadilika, hata k ya "knee" zamani ilitamkwa kabisa, sauti ikaenda herufi ikabaki.

Sasa chukua alfabeti ya kimataifa ya fonetiki, yaani alama za kuandika sauti zenyewe, ukiwa kwa matatu sikiliza kondakta akiita abiria uandike kwa hizo alama vile umesikia, sio vile unajua inaandikwa. Dakika kumi kila siku.