Masharti ya Simu na Betri Mpya

SWALI: Mhariri, simu yangu inataka nikubali masharti mapya ndipo isasishwe, nami nahofia betri itadhoofishwa makusudi. Je, nikatae, au ningoje betri za sodiamu zinazosifiwa?
Msomaji, Soweto, Moshi

JIBU: Ndugu msomaji, hofu yako ina msingi, kwa kuwa Desemba 2017 kampuni ya Apple ilikiri kwamba programu yake ilipunguza kasi ya iPhone zenye betri zilizochakaa ili zisizime ghafla, jambo ambalo wateja hawakuwa wameelezwa waziwazi, na mwaka 2020 ikakubali kulipa hadi dola milioni 500 kumaliza kesi nchini Marekani. Hata hivyo usikatae kusasisha, kwani ndiko kunakoziba mianya ya usalama. Soma walau kipengele cha taarifa binafsi, kisha uingie kwenye mipangilio na kuizuia, kwa mfano, programu ya tochi isisome namba ulizohifadhi. Tochi haina haja nazo hata kidogo, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 iko upande wako.

Betri za sodiamu usizingojee kwa ajili ya simu. Malighafi yake ni tele, lakini kwa uzito uleule hubeba nishati kidogo kuliko za lithiamu zilizomo kwenye simu za sasa, hivyo zinafaa zaidi kuhifadhi umeme wa jua. Ya kwako ikivimba hadi kuinua kioo, acha kuichaji mara moja, umpelekee fundi.