Jibu la 19 limetoka wapi

Dada wa Kondele, kijana wako hajapotea mbali. Swali lake ni (x + 1)/2 − (x − 2)/3 = 3, yeye kapata 19, kitabu kinasema 11. Kitabu kiko sawa.

Tafuta kwanza namba ndogo kabisa inayogawanyika kwa 2 na kwa 3, yaani 6. Zidisha kila kipande kwa 6, hata ile 3 iliyokaa peke yake kulia. Hiyo wengi huisahau. Kuisahau ni sawa na kumpimia mteja omena gorogoro nzima halafu umlipishe bei ya kikombe. Unabaki na:

3(x + 1) − 2(x − 2) = 18

Hapa ndipo alipoteleza. Mstari wa sehemu hufanya kazi ya mabano, kwa hiyo ile alama ya kutoa inagusa x na −2 pia. −2 mara −2 ni +4. Naona aliandika −4, ndiyo maana akaishia kwa x − 1 = 18. Sahihi ni 3x + 3 − 2x + 4 = 18, x + 7 = 18, x = 11.

Mwambie airudishe 11 kwenye swali: 12/2 ni 6, 9/3 ni 3, 6 toa 3 ni 3. Akijaribu na 19 atakwama kwenye 17/3.

Na aandike mabano kabla ya kuzidisha, hata kama anaona yanamchelewesha. Mimi mwenyewe nafundisha hesabu na bado nayaandika.