Jibu: Kwa nini simba wa Serengeti hufa ilhali hawawindwi?

Ndugu, umeuliza inakuwaje simba wapungue Serengeti ilhali kuwawinda humo ni marufuku. Wengi hufa bila kukusudiwa. Ukitoka Mwanza kuelekea Musoma, ukakaribia lango la Ndabaka, utaona jinsi mashamba na mifugo vilivyousogelea mpaka wa hifadhi. Wategaji huweka vitanzi vya waya, baadhi vikiwa vimechomolewa kwenye matairi chakavu, wakilenga nyumbu na pundamilia, lakini kitanzi hakichagui shingo. Simba afuataye mawindo yaleyale hunaswa, na hata akijinasua, waya hubaki umezama shingoni hadi kidonda kioze.

Kwa maoni yangu, pigo kubwa zaidi lilikuwa la mwaka 1994, pale virusi vya distempa, ambavyo watafiti walivihusisha na mbwa wa vijiji jirani wasiochanjwa, vilipoua takriban theluthi moja ya simba wote wa Serengeti. Mbwa walichanjwa baadaye, ila virusi viliendelea kuwafikia simba, kwa sababu wanyamapori wengine, fisi wakiwamo, nao huambukizwa. Sumu inayowekwa kwenye mzoga wa ng'ombe ni hatari nyingine, na huua hata tai.