Mkate wa Sista Corita

Wiki hii mmeuliza: msanii anayechapa picha za bidhaa za dukani anafanya sanaa, au anaipigia kampuni debe la bure? Wengi watakimbilia picha za makopo ya supu za msanii Mmarekani Andy Warhol. Mimi nawapeleka kwa mtawa.

Corita Kent alikuwa sista wa shirika la Immaculate Heart of Mary, akifundisha sanaa katika chuo cha shirika hilo Los Angeles. Mwaka 1962, mwaka uleule makopo ya Warhol yalipoonyeshwa jijini humo, alichapa kwa skrini (kitambaa chenye matundu madogo kinachopitisha wino) kazi aliyoiita "wonderbread". Wonder Bread ni mkate wa slesi wa supamaketi za Marekani, na mfuko wake una madoa ya duara, mekundu, ya njano na ya buluu. Kampuni ilijinadi kwamba mkate huo hujenga mwili kwa njia 12. Sasa mtajie Mkatoliki "mkate" na "mwili" kwa pumzi moja, uone akili yake inaelekea wapi.

Ukiitazama kazi hiyo, mkate wenyewe huuoni. Unaona maduara ya rangi tu: madoa ya mfuko yamegeuka hostia, ule mkate mdogo wa duara wa komunyo. Picha inasimama badala ya mfuko, mfuko badala ya mkate, mkate badala ya mwili wa Kristo, na katika safari yote hiyo hakuna anayekurudisha dukani. Tangazo gani linafanya hivyo? (Sawa, jina la mkate limebaki. Kampuni haikupata hasara.)

Skrini nayo ilimfaa. Huacha wino bapa, bila alama ya brashi, kama mabango ya biashara au fulana za kampeni zinazochapwa kwetu. Tena hutoa nakala nyingi kwa bei nafuu, na Corita alitaka kazi zake zinunuliwe na watu wa kawaida.

Mwaka 1964 alikwenda mbali zaidi. Aliazima tangazo la nyanya za Del Monte, akachapa maneno yanayomwita Bikira Maria nyanya yenye juisi kuliko zote. Wakubwa wa jimbo kuu la Kanisa Katoliki walikasirika, na sijawahi kusikia wakuu wa kanisa wakigombana na tangazo la nyanya lenyewe. Hata hivyo, hiyo nisingeitundika sebuleni, mama yangu angehama. Ile ya mkate ningeitundika leo hii.